Kizibao Kisicho na Mfuko

Mbele ya duka la Usumani, fundi cherehani wa Nyakabanda, kuna benchi linalojua mambo ya dunia nzima isipokuwa bei ya uzi. Wenye benchi ni wawili. Mmoja ni Nsabimana, aliyestaafu ukarani wizarani kule Kacyiru akabaki na jina la Waziri. Wa pili ni Jean-Luc, dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, aitwaye Viza kwa kuwa ameomba viza mara tatu na kunyimwa mara tatu. Usumani huwapa kahawa ya tangawizi, nao humlipa kwa maneno. Asubuhi hiyo alikuwa anamalizia kizibao cheusi cha binti yake, Shimwa, aliyepata kazi ng'ambo: kugawa karata mbele ya kamera, ili watu wacheze kamari kwenye simu wakiwa kwao. Safari ni Alhamisi. Roho ya Usumani ilikuwa juu juu tangu Jumapili, na alichotaka kwa wenzake ni neno moja tu la kumtuliza: mwache aende. Vipimo alileta wakala wa kazi hiyo, na chini yake kuna mstari: kisiwe na mfuko hata mmoja.

— Miaka thelathini nashona, alisema Usumani. Nguo isiyo na mfuko naijua moja tu. Sanda.

— Toba! Waziri akaruka. Usimtabirie mtoto.

— Mimi niliona video, alisema Viza. Mgawa karata akiwa na mfuko, anaficha karata. Bila mfuko, mambo iko safi.

— Wapi! Hiyo ni sababu ya watoto. Kule iko mashine ya baridi. Mtu akiwa na mfuko, anaingiza mkono, anapata joto, analala. Wazungu walishapima.

— Iko Asia, mzee, si kwa Wazungu.

— Asia gani?

— Barua ya kazi imeandika Asia tu, alisema Usumani.

— Basi vizuri. Asia ni kubwa, hawezi kukosa pa kulala.

Usumani alikata uzi kwa meno. Babu yake alikuja huku na misafara ya biashara kutoka pwani, na kila alipotaja mji aliopitia, alitaja na jina la mtu aliyemlaza. Hiyo Asia tu haikumkaa vizuri.

— Halafu kamari ni haramu, alisema kwa sauti ya chini.

— Haramu ni kwa anayecheza, alijibu Viza. Shimwa anagawa tu. Mimi nabebaga walevi kila siku, iko pombe yangu?

— Rwose, kabisa! Waziri akaunga mkono. Tena kazi imemfuata yenyewe kwenye WhatsApp, bila kuomba. Waswahili wanasema chema chajiuza.

Waswahili hao walikuwa mababu wa Usumani, na mwisho wa methali yao aliujua: kibaya chajitembeza. Aliumeza pamoja na kahawa.

— Nawapa siri, alisema Viza akisogea. Wachezaji hawapo. Iko kompyuta inacheza, inasoma mikono ya Shimwa. Ikimaliza kusoma, wanatengeneza Shimwa wa chuma. Sasa huyo wa chuma, mfuko wa nini?

— Ndiyo maana ikasemwa kikulacho ki nguoni mwako! alisema Waziri. Mfuko ni hatari.

Methali ilikuwa imepotea njia, lakini hakuna aliyejisumbua kuirudisha.

Mukabalisa, muuza vitenge wa soko la Kimironko, alikuwa amekuja kuchukua sketi yake na kusimama akisikiliza. Alikichukua kizibao, akakigeuza ndani nje.

— Kizuri. Na pasipoti ataiweka wapi?

Usumani alifuta mikono kwenye suruali, akampigia binti yake simu na kuiweka kwa sauti ya juu, wote wasikie.

— Baba, kimekwisha?

— Bado. Njoo na pasipoti yako, nikupimie mfuko wa ndani.

— Lakini walisema hakitakiwi mfuko.

— Nimesikia, mwanangu. Njoo nayo.

— Sinayo, baba. Wakala aliichukua Jumatatu. Alisema anaitunza mpaka nifike.

— Ofisi yake iko wapi?

— Hana ofisi. Tulikutana ndani ya gari lake. Tangu jana hapokei simu.

Usumani aliogopa, na hakuona haya kuogopa mbele ya watu.

— Kaa hapo hapo nyumbani, alisema. Usiende popote.

Viza alikuwa ameshainuka. Alivaa kofia yake, akamnyooshea Usumani ile ya abiria. Fundi alipanda nyuma, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. Moto ikawaka.

— Twende wapi? aliuliza Viza.

Usumani alimtazama Waziri, Waziri akamtazama Mukabalisa, na moto ikaendelea kunguruma pale pale mbele ya benchi.