Shada la Maua Mdomoni mwa Arkavati

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri, Mkurugenzi wetu, wakuu wa idara za ndege na rada, wageni mliotoka Delhi mkaambiwa Bengaluru kuna baridi, mkaja na masweta, na ninyi wafanyakazi wenzetu:

Sisi wafanyakazi wa Jengo Namba Saba, tunaotengeneza na kujaribu injini ya ndege ya kivita iitwayo Arkavati, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua safari ilikuwa ndefu, hasa zile kilomita nane za mwisho kutoka njia panda hadi getini, ambazo peke yake hula saa nzima. Kahawa ipo. Nanjamma wa kantini ameamka alfajiri kupika idli, ile mikate laini ya mchele ya mvuke, na ametuambia kwamba ukiondoka bila kuonja atatununia sisi, si wewe.

Kilichokuleta tunakijua pia. Lile jiwe lililofunikwa kitambaa pale mlangoni lilichongwa na fundi wa mtaani kwetu, naye hakuona sababu ya kutuficha. Limeandikwa kwamba kuanzia leo jengo hili ni ghala la vipuri vya injini zinazonunuliwa nje. Kwa hiyo tunasoma risala hii tukijua uamuzi umeshapita mezani. Tunaisoma hivyo hivyo, kwa sababu kuna jambo hukuambiwa, na waliopaswa kukuambia ni sisi.

TULIKOTOKA

Injini hii ilianza miaka ishirini na sita iliyopita katika banda la bati lililokuwa likivuja. Walioagizwa kuipa jina walichagua mto Arkavati, na haukupita muda mrefu mto wenyewe ukakauka. Tangu hapo ndugu zetu wa idara ya ndege hawajatuacha. Wakipita dirishani huuliza, "Jamani, leo mtoni kwenu kuna maji?" Nasi huwajibu, "Njooni na ndoo, na ile ndege yenu isiyo na injini muisukume."

Hatukuwa na wa kutufundisha. Ndani ya injini kuna mapanga madogo, kila moja halizidi kidole, yanayozunguka katika moto unaoweza kuyayeyusha. Nchi zinazojua kuyatengeneza hazimwambii mtu. Sisi tulijifunza kwa kuharibu. Nyuma ya jengo kuna shimo tulimozika mapanga mabovu ya miaka kumi na saba, na kila anayeajiriwa hupelekwa kulitazama kabla hajaonyeshwa choo kilipo.

Kati ya walioanzia kwenye banda la bati amebaki mmoja kazini, Mzee Basappa. Alikuja kutoka Magadi, mji wa jirani, akiwa kijana wa kubeba mafuta, akapanda mpaka kuwa fundi mkuu wa kitanda cha majaribio, yaani kile chuma kikubwa ambacho injini hufungwa na kuwashwa bila kwenda popote. Mzee Basappa huisikia injini. Mitambo ikisema kila kitu kiko sawa naye akasema hakiko sawa, tunazima. Hajawahi kukosea kwa hilo, na tunakuomba ulikumbuke.

TULICHOFANIKIWA

Mheshimiwa, hatukukaa bure. Ndege yenyewe, bawa kwa bawa, imetengenezwa hapa na imeruka, ingawa kwa injini ya kuazima. Wenzetu wa rada nao wamefika mbali. Rada yao ya kwanza ilikuwa ikihesabu mwewe wanaozunguka juu ya machinjio kuwa kikosi cha adui, na siku moja ilimwamsha jenerali. Iliwachukua miaka minne kuifundisha kumjua mwewe. Leo inamjua, na inaiona ndege ikiwa bado mbali kuliko tulivyothubutu kuahidi.

Upande wetu fahari ilikuwa moja, panga la Injinia Vaidehi. Alikuja hapa akiwa msichana mwembamba aliyeogopa kuvuka barabara ya getini, akatumia miaka tisa kutafuta namna ya kulimimina panga lisilo na ufa. Wakati wa kusubiri tanuri lipoe alikuwa akikaa sakafuni na Mzee Basappa, wanakula wali wa mtindi kwenye kopo moja la bati na kubishana.

"Madamu, panga lako limenenepa."

"Halijanenepa, Mzee. Wewe ndiye umezoea yale yako ya shimoni."

Injini yenye mapanga hayo ilitakiwa iungurume saa mia moja. Ikifikisha, inaruhusiwa kupanda ndege. Kabla yake hatukuwahi kuvuka ishirini. Ilipofika saa ya sitini na tatu tuliizima kwa ajili ya sikukuu, na usiku huo wengi wetu hatukulala kwa furaha.

CHANGAMOTO

Ukitoka hapa watakupitisha kwenye banda la ndege. Utaziona tisa zimepangwa, zimepakwa rangi, namba mkiani. Tunaomba uchungulie nyuma. Pale penye injini kuna bonge la zege limening'inizwa ili ndege isiinue pua. Injini za kununua ziliahidiwa zifike mwaka juzi. Kila mara barua inakuja, injini haiji. Njiwa wametaga ndani. Kijana wa idara ya ndege alisema juzi, "Tumekuwa taifa la kwanza kutengeneza ndege ya kivita ya zege," nasi tukacheka.

Hiyo ndiyo changamoto iliyomo kwenye taarifa zako. Inayofuata haimo.

Mwaka jana, siku ya Ayudha Puja, tuliziabudu zana zetu kama kila mwaka. Tuliosha kila spana, tukapaka msandali uliosagwa na manjano, tukazipanga mbele ya picha ya mungu mama wa kilima cha Chamundi, tukavunja boga mlangoni, tukala bisi za mchele na sukari guru. Zana iliyowekwa pale haiguswi mpaka kuhani afunge ibada kesho yake asubuhi saa nne. Wewe hata kama kwenu hamfanyi hivi, mama yako hakosi kitu ambacho hakiguswi siku fulani.

Mzee Basappa alikwenda sokoni kununua maua. Muuza maua akamwambia, "Uzi umeniishia, baba. Leo kila mwenye baiskeli anataka shada. Chukua hili la waya." Akalichukua. Kwa kawaida shada la injini hufungwa kwenye kitanda, na mdomo wa injini, pale inapovutia hewa, hufunikwa wavu. Ila mwaka ule kulikuwa na mpiga picha, na tulikuwa tumefika sitini na tatu.

"Kaka, liweke mdomoni, picha itoke vizuri," mmoja wetu akamwambia.

"Mdomoni hapawekwi kitu."

"Usiku mmoja tu. Hata yeye anataka kupendeza."

Akaliweka. Picha hiyo tumeiambatisha. Sote tumo. Anayetabasamu kuliko wote ni Mkurugenzi wetu, aliyeketi kushoto kwako.

Kesho yake agizo likatoka juu kwamba injini isisubiri. Iwashwe saa mbili asubuhi, siku yenyewe ya Ushindi, sikukuu inayofuata Ayudha Puja, ili habari kwamba imewashwa iwahi magazeti ya jioni. Mzee Basappa akalitoa shada. Alitakiwa akague mdomo kwa tochi, panga moja baada ya jingine, kisha atie saini. Tochi ilikuwa kwenye madhabahu, kati ya spana na bisibisi, na kitone chekundu juu ya kioo chake. Kuhani alikuwa hajaja. Akatazama kwa mwanga wa dirisha. Akatia saini kwamba mdomo ni safi.

Alisimama mahali pake, nyuma ya kioo, na kwenye dakika ya nne aliisikia. Tik. Kama mtu anayepasua mbegu ya boga kwa meno. Mkono wake ulikuwa karibu na kitufe cha kuzima. Alijua, wakati huo huo, alijua ni nini, na ule ujuzi ndio uliomgandisha mkono. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya masikio ya mtu yeyote.

Wachunguzi walikuta panga la Injinia Vaidehi limekatika, wakaandika kwamba panga lilikuwa dhaifu. Panga moja la mbele lilikuwa limemegeka kidogo, kama punje ya mtama. Wakasema limegongwa na vipande vilivyorushwa kutoka ndani. Ilikuwa kinyume. Waya ulilimega la mbele, chembe ikaingia motoni na kulikata lile la ndani. Mzee Basappa ndiye aliyeifungua injini kabla ya wachunguzi kufika. Kwenye ufa wa ganda la mbele alikuta kipande cha waya, nusu ya kidole, kikiwa bado na unyuzi wa jani la kijani. Alikitia kwenye kopo lake la chakula.

Kwa nini alinyamaza? Alibakiza miezi kumi na minane astaafu, hilo lipo. Lakini alituambia kubwa zaidi ni aibu. Aliyaona mawazoni magazeti ya nje yakiandika kwamba hawa wanaotaka kutengeneza injini ya kivita wameivunja kwa maua. Aliona heri waseme hatujui kumimina chuma.

Siku ya mwisho Injinia Vaidehi alikuja na boksi kuchukua vitu vyake. Alikuwa amehamishiwa kaskazini, kwenye ghala la mablanketi na viatu vya askari, na yuko huko hadi leo. Alimkuta Mzee Basappa kwenye kitanda cha majaribio, akamuuliza mbele yetu:

"Mzee, kweli hukusikia chochote? Wewe huisikia kabla ya mitambo."

"Sikusikia kitu, Madamu."

"Basi ni mimi," akasema. Akampa lile kopo walilokuwa wakilia wali wa mtindi, akasema alitumie, yeye anakokwenda kuna kantini.

Mwaka huu, siku ya Ayudha Puja, Mzee Basappa alikataa kuingia ndani. Alisimama nje mlangoni na viatu vyake miguuni, wakati sisi tumevua. Nanjamma akamfokea, "We mzee, ingia, maua yananyauka." Akasema, "Nanjamma, mimi sina haki ya kuzigusa." Akafungua kopo lake la chakula akatuonyesha waya. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Mmoja wetu, yule aliyesema picha itoke vizuri, alivaa viatu vyake, akatoka, akasimama nje pamoja naye.

MAOMBI

La kwanza, jina la Injinia Vaidehi lisafishwe kwa maandishi, na arudishwe kwenye tanuri lake.

La pili, injini ya akiba ipo. Imefungwa kwenye karatasi ya mafuta chumba cha nyuma, mapanga yake ni ya mmimino ule ule. Tunaomba saa mia moja. Ikivunjika kwa kosa lake yenyewe, tutaibeba wenyewe mpaka shimoni na ghala lako tutalifagia.

La tatu si ombi la kusamehewa. Kamati yetu ilibishana wiki nzima kama risala itaje jina la mtu. Wengi walitaka iandikwe "hitilafu za kibinadamu". Mzee Basappa alikataa, akataka litajwe jina lake peke yake. Hapo na sisi tukakataa, kwa sababu picha ipo. Kwa hiyo adhabu yoyote utakayotoa, majina yetu sote hamsini na wanne yako nyuma ya karatasi hii na saini zake. Safari hii kila mmoja alikagua kabla ya kutia.

KUFUNGA

Mheshimiwa, kazi ya kusoma risala alipewa Puttaraju, mwenye sauti nzuri, anayetusomea hata kwenye harusi. Jana jioni Mzee Basappa alimwendea akamwomba karatasi. Puttaraju akasema, "Kaka, hutaweza, sauti itakukatika." Akajibiwa, "Madamu aliniuliza mimi, hakukuuliza wewe." Huyu unayemwona amesimama mbele yako, anayekusomea habari za Mzee Basappa, ndiye Mzee Basappa.

Injinia Vaidehi tulimpigia simu juzi, tukiwa tumekaa wote kantini. Mzee alimweleza kila kitu, kuanzia muuza maua. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Yale mapanga mengine ambayo hayakuguswa. Yalikuwa na ufa?"

"Hata moja, Madamu. Niliyatazama yote."

 Tukamsikia analia. Halafu akakata simu.

Mgeni rasmi, kamba ya kitambaa iko upande wako wa kulia. Ukiivuta tutapiga makofi, kwa sababu wewe ni mgeni wetu na hatukulelewa kumwaibisha mgeni. Tulichotaka ni kwamba ukiivuta, uivute ukiwa unajua.

Mungu akupe afya njema na safari ya kurudi isiyo na foleni. Awabariki walioko mpakani wanaongoja ndege zetu. Ambariki na yule aliyeko kati ya mablanketi.

Ni sisi, Wafanyakazi wa Jengo Namba Saba, Injini ya Arkavati.

Imesomwa na Basappa, fundi wa kitanda cha majaribio, aliyeisikia.