Hezekiah Mburugu, Aliyesahihisha Kitabu Wala Si Watoto

Yamesemwa na Wakonyo wa chumba cha kushonea vitabu. Yamepigwa taipu na Wangechi wa ofisi.

Ijumaa tarehe 29 Desemba 1989, Hezekiah Mburugu atavua aproni yake ya wino na kuondoka Pazia baada ya kazi ya miaka ishirini na tano. Alikuja 1964, wakati Pazia, nyumba yetu ya kuchapa vitabu, ilikuwa chumba kimoja cha kukodi Majengo, mashine moja, na Mwalimu Ndungu aliyeacha kufundisha ili achape michezo ya kuigiza na vitabu vya kuwaonyesha walimu namna ya kuichezesha. Watu wa mji walisema atarudi darasani kabla ya mvua ndefu. Hakurudi, na sababu moja ni huyu Mmeru.

Tuseme ukweli. Mburugu hajui kuimba, hasira yake iko karibu, na akikasirika anahamia Kimeru ili tusimjibu. Chai anakunywa kama anazima moto. Lakini kazi yake ilikuwa kupanga herufi za risasi, moja moja, ili mashine izichape, na hakuna mstari wa mchezo uliopita mkononi mwake bila kusemwa kwa sauti kwanza. Mara yeye ni mume, mara ni mke, mara ni mama mkwe. Mwaka wake wa kwanza, mama wa mandazi aliyekuwa jirani yetu alisikia mke akilia ndani na mume akimfukuza, akaenda kuita wazee wawili waje wasuluhishe. Walimkuta Mburugu peke yake, hajaoa. Wazee hawakutaka safari yao ipotee, wakamuuliza basi anangoja nini. Alipomwoa Kanana, wazee wale walikula kwenye harusi kama ndio walioipanga.

Sasa nije kwa lile jambo la Mwea, kwa sababu wengine wenu mnalisikia nusu nusu wakati wa chai.

Mwaka wa 1971 tulichapa michezo miwili kwa pamoja. Mmoja ulikuwa wa kuchekesha, juu ya harusi ya msichana anayeitwa Wamucii. Wa pili ulikuwa kesi ya majirani waliozibiana mfereji wa maji. Kitabu ni karatasi kubwa zilizokunjwa na kupangwa pamoja, ndipo zishonwe. Kupanga ilikuwa kazi ya Mburugu, naye akachanganya fungu moja: mwanzo ukawa wa harusi, mwisho ukawa wa kesi. Kosa lilikuwa lake, na hajawahi kulisukumia mashine wala mtu. Shule zilirudisha vitabu hivyo kwa matusi ya adabu. Shule moja tu ya Mwea haikurudisha, kwa sababu haikujua kama imepewa kitu kibovu.

Mburugu alipanda basi na gunia la vitabu vizuri. Alikuta watoto wakifanya mazoezi uwanjani, kando ya mpunga ulioanikwa, na mwalimu wao Wawira akiwaongoza. Akakaa nyuma kutazama. Harusi ilienda vizuri, Wamucii akatolewa kwao kwa vigelegele, halafu mara watu wakaanza kushtakiana maji. Hakuna aliyeshangaa. Wawira alikuwa amewaeleza watoto kwamba harusi imeisha, hawa sasa ni wakwe, na wakwe wa Mwea watakosana juu ya nini kama si maji. Wazazi waliosimama na majembe yao walikuwa wamesahau shamba. Mama mmoja alimwambia mtoto aliyeigiza mwenye kuziba mfereji asipite kwake tena kuomba chumvi.

Ila Wachuka, msichana aliyekuwa Wamucii, alikaa juu ya debe tangu harusi ilipoisha mpaka mwisho, hana mstari wa kusema. Mburugu alipojitambulisha kuwa ndiye wa kitabu, huyo ndiye aliyemfuata wa kwanza.

"Mzee, Wamucii huwa anaenda wapi?"

Mburugu akamwita Wawira, akamweleza kosa lake lote. Mashindano ya maigizo ya shule huko Nyeri yalikuwa mwezi huo huo, na sheria ilikuwa wazi: shule icheze mchezo uliochapishwa, waamuzi wakifuata kwenye kitabu. Mchezo usio katika kitabu chochote ungefukuzwa. Watoto wale hawakuwa wamewahi kupanda jukwaa mahali popote, na Wawira alimwambia wakivunjwa sasa waanze upya, hawatafika Nyeri.

Mburugu alirudi Majengo na gunia lake likiwa limejaa vile vile. Mwalimu Ndungu alitaka vitabu vizuri vipelekwe tena na watoto wajifunze upya, kwa sababu tukichapa kosa letu wenyewe tutachekwa kutoka hapa mpaka Nanyuki. Tuliokuwa mlangoni tulisikia jibu.

"Mwalimu, ni kitabu ilikosa. Watoto hawajakosa kitu. Basi ni kitabu itarekebishwa."

Ndungu akamuuliza ni nani ataandika pale pa kuunganisha harusi na kesi, maana yeye Mburugu si mwandishi.

"Na wewe si mkwe wa mtu," Mburugu akasema, "lakini umechapa harusi."

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini, akampa karatasi za mabaki.

Kile alichoandika mnakijua. Katikati ya kesi, Wamucii anaingia mbele ya wazee bila kuitwa na kusema kwamba mfereji huo yeye ndiye anayechota kwa nyumba zote mbili, na wakiufunga wamemfunga yeye. Mburugu aliyapeleka maneno Mwea kabla ya kuyapanga. Wachuka aliyajaribu, akasema mstari mmoja ni mrefu, mtu mwenye hasira hasemi hivyo. Mburugu aliukata hapo hapo. Nilivishona vitabu vile wino ukiwa mbichi, na waamuzi walivipata asubuhi ya mashindano.

Hawakushinda. Kikombe kilienda Karatina, na Karatina walistahili. Lakini watoto wa Mwea walicheza mchezo wao wote, mbele ya ukumbi uliojaa, na Wachuka hakukaa kwenye debe. Walimu waliotoka pale walikuja dirishani kwetu kuuliza kile kitabu cha harusi na maji.

Tangu hapo hakuna mchezo unaochapwa Pazia kabla haujapelekwa shuleni. Mdomo wa mtoto ukikataa neno, neno linatoka. Waandishi wengine wamenuna na kuchukua miswada yao, na Mburugu amewafungulia mlango. Amefundisha walimu kutoka Kerugoya hadi Chuka jinsi ya kuchezesha mchezo kwa benchi, blanketi na sufuria. Wachuka mwenyewe leo ni mwalimu Kutus, na muhula uliopita aliturudishia mswada umejaa mistari iliyokatwa. Nyinyi vijana mnaobaki, gunia liko nyuma ya mlango. Mtalibeba.

Jambo moja limebaki. Kitabu kile kimetoka mara nyingi bila jina la aliyekiunganisha. Mwalimu Ndungu alimwomba mpaka akafa. Bi Watiri anayetuongoza sasa naye amemwomba. Kila mara Mburugu anasema hawezi kutia jina kwenye kosa lake, na yeye ndiye mwenye kupanga herufi, tungefanya nini.

Sasa, Mburugu, sikia. Wiki ile ulienda Meru kutengeneza nyumba, Bi Watiri alipanga herufi mwenyewe. Jina lako liko kwenye jalada, na nimelishona kwa uzi mara mbili. Kasirika kwa Kimeru ukitaka. Asante kwa kazi, asante kwa kelele. Nenda kwa Kanana ukapumzike, mvua ikunyeshee vizuri, na chai isikukaukie. Nakala yako iko ndani ya blanketi tulilokufungia.

Usiisahihishe.