Kadi Imefungwa kwa Kamba, Haijashonwa

Ijumaa ya tarehe 28 Juni, saa sita kamili mchana, Sajini Meja wetu, mkufunzi mkuu wa matabibu wa jeshi, anakabidhi mkasi wake wa kukatia bendeji na kustaafu baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Jina lake kamili liko kwenye faili la ofisi ya utumishi. Sisi tunamjua kama Afande Rudi, na jina hilo alilipata kwa jasho lake mwenyewe.

Alianza kazi akiwa mbeba machela, mwembamba kiasi kwamba wenzake walimtania kuwa upepo ukivuma, machela ndiyo itakayombeba yeye. Akasomea utabibu, akahudumu vituo vya mbali kwa miaka tisa, kisha akaletwa chuoni kwetu kwa muda wa miezi sita. Miezi hiyo sita imechukua miaka ishirini. Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa kuchukua mwongozo wa kuchambua majeruhi, uliokuwa na kurasa arobaini na mbili, na kuubakizia kurasa nne. Wakubwa walipouliza nyingine zimekwenda wapi, alijibu kwa adabu zote kwamba majeruhi wamekataa kusubiri zisomwe.

Kwa wageni ambao hawajapita mikononi mwake, somo lake ni hili. Majeruhi wakiwa wengi na mikono ikiwa michache, kila mmoja hufungwa kadi. Nyekundu, ahudumiwe sasa hivi. Njano, anaweza kungoja kidogo. Kijani, anatembea mwenyewe, akae pembeni. Nyeusi ni yule ambaye hali yake ni mbaya mno, ukianza naye utapoteza wengine watatu. Mwanafunzi akishafunga kadi zote na kuanza kujipongeza, Afande humwambia neno moja tu, rudi, kwa sababu hali ya mtu hubadilika. Kadi imefungwa kwa kamba, haijashonwa. Sentensi hiyo wameisikia wanafunzi zaidi ya elfu moja na mia tisa, na wengine wanadai huisikia mpaka usingizini.

Tabia hiyo haikuishia kazini. Shemeji yetu, yaani mkewe, anasimulia kwamba uchungu wa kumzaa binti yao wa pili ulipomwanza, Afande alimtazama, akaona anatembea, akamtangaza kuwa kijani na kuendelea kupiga pasi sare. Binti alizaliwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani. Afande hujitetea kwamba alirudi kumwangalia baada ya dakika kumi. Shemeji anasema hajasahau na hana mpango wa kusahau.

Kwenye mazoezi, ambako wafanyakazi wa chuo huigiza majeruhi, mpishi wa mesi ndiye aliyekuwa majeruhi mpiga kelele. Alishika kidole, akamlilia marehemu bibi yake, na wanafunzi wote wakamkimbilia. Anayepiga kelele anapumua, Afande aliwakumbusha, mtafuteni aliyenyamaza. Aliyenyamaza alikuwa nyuma ya tairi, na nafasi hiyo aliipigania karani wa stoo ya dawa, kwa kuwa ndiyo pekee iliyomruhusu mtu kusinzia kazini kwa amri. Karani huyo ndiye mwandishi wa wasifu huu, na kuanzia hapa ataomba ruhusa ya mhariri aseme “mimi”.

Miaka kumi na moja iliyopita, tukirudi kutoka mazoezini asubuhi, lori letu lilipinduka kwenye kona. Tulikuwa kumi na wawili. Afande alikuwa kwenye gari la nyuma na wanafunzi wawili tu. Mpishi alipiga kelele, safari hii za kweli, na Afande akampita. Alinikuta kichwa kimepasuka, sina fahamu, pumzi za kuhesabika. Kando yangu wanne walikuwa wanavuja damu ambayo ingeweza kuzuiwa. Saa nne na dakika kumi alinifunga kadi nyeusi, akaenda kwao.

Saa nne na dakika thelathini na tano alirudi. Bado nilikuwa napumua, ila upande mmoja wa kifua haukuinuka. Alinichoma sindano kifuani, hewa iliyobana pafu ikatoka, akafungua kadi nyeusi na kufunga nyekundu. Wale wanne nao wako hai, na wawili kati yao ndio wanaogawa soda kwenye hafla ya leo.

Siku ya tatu alikuja wodini, akasimama miguuni mwa kitanda changu, kofia mkononi.

“Nilikuacha dakika ishirini na tano,” akasema.

“Ulirudi,” nikamjibu.

Aligeukia dirisha, akakaa hivyo mpaka nesi alipomtoa.

Kumwonea huruma hakukunizuia kuitumia nafasi. Tangu niliporudi stoo, kila Afande alipokuja dirishani kuomba boksi la glavu, nilitazama saa na kumwambia asubiri dakika ishirini na tano. Mtu mwenye cheo cha kuniweka ndani kwa kuinua kidole alisimama pale, akasoma tangazo lilelile la ukutani, akaniuliza nimelala vipi, kifua kinasemaje, na hakulalamika hata siku moja. Miaka yote hiyo nilidhani mimi ndiye ninayemtania.

Wiki iliyopita tulifungua kabati lake kwa ajili ya makabidhiano. Ndani kulikuwa na maboksi mia mbili na kumi na manne ya glavu, hayajafunguliwa hata moja. Niliyahesabu mara mbili, kisha nikaelewa kwamba hakuwa akifuata glavu.

Afande, asante kwa kila uliyemfundisha na kila uliyemrudia. Leo unafungwa kadi ya kijani: unatembea mwenyewe, ukae pembeni upumzike. Shemeji ameomba aifunge yeye, na sote tunajua kwa nini. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na wajukuu watakaozaliwa hospitali. Lakini kadi hiyo nayo ina kamba tu, kwa hiyo rudi. Dirisha la stoo liko wazi, na hutasubiri hata dakika moja.