Tangazo Alilolisoma Constantin Numbi

Ndugu, jamaa, marafiki na waamini wa Shituru, hapa Likasi: tunayemlaza leo, Jumatano tarehe 25 Juni 1997, ni Constantin Numbi, mtangazaji wa redio, kaka yangu mkubwa. Mimi ni Gertrude, niliyemfuata kuzaliwa. Juzi wazee wa ukoo walikaa kuusikiliza wasifu huu, kama ilivyo desturi, wakaniomba niruke mwaka 1992. Nimewatii katika mengi. Kwa hilo moja nitawaomba radhi tukitoka makaburini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Septemba 1951 katika misheni ya Kapolowe, mtoto wa kwanza wa Mzee François na Mama Madeleine. Shule ya msingi alisoma hukohuko, ya sekondari hapa Likasi, akapata diploma mwaka 1971. Alipenda mno kusoma kwa sauti. Siku moja kanisani alipewa somo la kwanza, akaendelea na la pili bila kuulizwa, na msomaji wa pili amesimama palepale, kitabu mkononi.

Mwaka 1976 aliajiriwa na redio ndogo ya mji kusoma habari za Kiswahili. Tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na Aimée Mbuyi, mzaliwa wa Shituru, ambaye wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai. Walijaliwa binti mmoja, Elikia. Walipendana waziwazi, hata mimi wifi nikachoka kutafuta kasoro.

Septemba 1992 aliwekewa mezani tangazo la wakuu wa mkoa, la kuwataka watu wenye asili ya Kasai waondoke mjini. Alilisoma. Aliogopa, akalisoma vizuri, kwa sauti ileile tuliyoipenda, na Aimée alikuwa nyumbani akipiga pasi, redio imewashwa. Alipoingia mchana, mke wake alimwambia neno moja tu: "Nilisikia sauti yako."

Aimée, mama yake na Elikia walikaa stesheni miezi mitano wakingoja treni, chini ya turubai, mvua zote juu yao. Kila siku marehemu aliwapelekea chakula, na kila siku alirudi katika nyumba tupu. Tarehe 11 Machi 1993 waliondoka kwenda Mbuji-Mayi, huko Kasai. Marehemu alibaki kumwuguza mama yetu, akaahidi kuwafuata baada ya wiki chache. Treni zikawa za kubahatisha, barabara zikaoza. Mama alifariki mwaka 1995, na bado hakwenda. Aibu ilimfunga hapa kuliko reli mbovu.

Ndipo alipoanza kuandika senario, yaani maandishi ya filamu, juu ya mtangazaji na mpenzi wake wakati wa vita. Frère Mathieu, mtawa aliyekuwa akituonyesha sinema parokiani, alimfundisha kazi hiyo. Jumapili baada ya misa marehemu alisoma maneno ya mwanamume, mimi nikasoma ya mwanamke huku nikichekecha unga wa bukari, yaani ugali wetu. Penye mapenzi nilicheka, nikimwita Yaya, yaani kaka mkubwa: "Yaya, hapa Shituru hakuna mwanamuke wa kusimama kusikiliza vile, bukari iko pa moto!" Akafuta. Lakini katika kila nakala mtangazaji wake alikataa kulisoma tangazo, akakimbia na mpenzi wake. Nakala ya nne ilinishinda. Nikaziweka karatasi chini. "Yaya, weye ulisoma."

Alininunia miezi miwili. Niliumia, lakini sikuyafuta maneno yangu.

Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemwanza mwaka 1994. Aprili hii vita vilipotufikia, sindano zikakosekana. Mguu ukaoza, akawa hawezi hata kufika mlangoni. Akaomba kalamu. Aliandika mwisho upya: mtangazaji analisoma tangazo lote, kisha anakwenda nyumbani kwa miguu, hajui atamwambia nini mkewe.

Tarehe 15 Juni tulimbeba hadi kwenye fonii, ile redio ya kuitana na miji ya mbali. Aimée aliitwa aje kwenye fonii ya kwao, Mbuji-Mayi. Marehemu alimsomea ukurasa ule, watu wote wa foleni wakisikiliza, kisha akakiri kwamba anajisema mwenyewe: "Aimée, ule muntu ni minye. Unisamehe." Tulingoja jibu. Muda wetu ukaisha, tukamrudisha kitandani. Alifariki Jumapili tarehe 22 Juni, saa tatu asubuhi, bila jibu. Jambo hilo linaniuma mpaka sasa.

Wazee walitaka tuandike kwamba alikuwa ametengana na mkewe. Jana nilirudi kwenye fonii kumpa Aimée habari ya msiba. Alilia, kisha akasema: "Siku ile nilikuwa nalia, njo maana sikujibia. Muandike jina yangu. Minye njo bibi yake."

Constantin Numbi ameacha mjane, Aimée Mbuyi, binti, Elikia, na mimi dada yake. Mungu ampokee, na ampe utulivu alioukosa kwetu.