Chasisi ya Kutazamia Vijidudu

Mimi nauza kahawa. Masikio sikuyauza, kwa hiyo kila upuuzi wa benchi hili unanifikia. Asubuhi ile walikuwa watatu: Gereji, fundi wa malori, Randa, seremala, na Mstaafu, aliyefundisha sayansi mpaka chaki zikamkinai. Akaja Dada wa Maabara, wa zahanati ya jirani, na lenzi zimefungwa kwenye kitambaa. Hadubini yao, ile mashine ya kutazamia vijidudu kwenye damu, ilikuwa imeanguka, mwili ukavunjika vipande. Lenzi zilibaki nzima. Alitaka kuiundia mwili mpya, maana tangu juzi wagonjwa wa homa walikuwa wanapewa dawa kwa kubahatisha.

— Nimejaribu bomba la plastiki, akasema. Mtu akikohoa chumba cha pili, picha inakimbia. Nataka kitu kisichotikisika.

— Chasisi ya lori! Gereji akadakia. Fremu hiyo ya chuma inabeba tani kumi. Aliye juu mngoje chini, dada. Lenzi ziko juu, kazi iko chini.

— Chuma ukikigonga kinaimba, Randa akasema. Na kinachoimba kinatetemeka. Chukua mbao ngumu iliyokauka. Wahenga walisema, mti hauendi ila kwa nyenzo. Umesikia? Hauendi!

— Methali hiyo siyo ya hapo, nikasema.

— Wewe mimina kahawa.

— Mbao inakunywa unyevu, Gereji akasema. Mvua mbili tu, imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Huyo mdudu utamwona mwaka kesho.

Dada akacheka, lakini macho yalikuwa kwenye njia ya zahanati.

Mstaafu akaweka kikombe chini. Nikajua tumekwisha.

— Nyote mmepotea. Tatizo ni ardhi. Malori ya huyu bwana yakipita, ardhi yote inatetemeka. Chimba shimo mita mbili, mimina zege, hadubini ikae humo.

— Na mimi? Dada akauliza.

— Unashuka kwa ngazi.

— Na mgonjwa akizimia huku juu?

— Haraka haraka haina baraka.

— Mwalimu, Randa akasema, zege nalo si litakaa kwenye ardhi hiyo hiyo?

Mstaafu akafikiri. Nakiri, hata mimi niliacha kumimina, nilitaka kujua.

— Basi tuining'inize. Mipira minne ya baiskeli, katikati ya chumba. Hewa haina tetemeko.

— Na Dada naye tumning'inize? Gereji akauliza.

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Hatukumwona mama aliyesimama nyuma yetu, mtoto mgongoni.

— Samahanini, wazee wangu. Dada, wameniambia uko huku. Jana ulimpa mwanangu dawa ya malaria. Homa haijashuka. Niendelee nayo, au ana kitu kingine?

Mstaafu, mwenye jibu la kila kitu chini ya jua, akainuka kumpisha mama benchi.

— Sijui, mama, Dada akasema. Nisamehe. Twende zahanati, nimtazame tena.

Niliona aibu, wallahi, kama vile dawa ile nilimpa mimi. Gereji akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali.

— Dada, hebu ngoja. Kutoka mezani mpaka kwenye jicho lako, ukikaa, ni urefu gani?

Tulikuwa tumebishana saa nzima, na hilo hakuna aliyekuwa amemuuliza.