Hakuchangia Hata Tofali Moja

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa duka la vipuri lililofungwa siku nyingi, mguu wake mmoja ukisaidiwa na jiwe. Wenyeji wake ni watatu. Wa kwanza ni Wakili, ambaye kwa kweli ni fundi saa, na sheria zote anazozijua alizipata kwa kushtakiwa mara mbili. Wa pili ni Dokta, muuza dawa ya panya. Wa tatu ni Fundi Sofa, mshona makochi, ambaye siku hizo alikuwa akilala karakanani kwake juu ya kochi la mteja. Kahawa ni ya Bibi Birika, mtu mzima asiyependa maneno mengi, lakini masikio yake hayana likizo. Asubuhi hiyo Fundi alifika wa mwisho, akakaa pembeni kama mgeni.

— Kaka ameuza nyumba, alisema. Tena vitu vyangu vilivyobaki amevitoa nje.

— Nyumba ipi? aliuliza Dokta.

— Ninazo ngapi?

Dokta akakohoa. Wakili akatoa kioo chake cha kutazamia saa jichoni, akakifuta, akakirudisha. Wote wawili walikuwa na sababu ya kukosa raha. Miaka miwili nyuma, Fundi na mkewe walipofikia kuachana, ushauri ulitoka kwenye benchi hilo hilo. Wakili alisema nyumba itagawiwa nusu kwa nusu, ila kuna ujanja: andika karatasi ya kuonesha umemuuzia kaka yako zamani, talaka ikipita akurudishie. Karatasi ikaandikwa hapo hapo, ikawekwa tarehe ya mwaka mwingine. Wakili akatia sahihi kama shahidi wa kwanza, Dokta wa pili. Fundi akaipeleka mahakamani. Na kwa kukaza fundo, akamwambia hakimu kwamba mkewe hakuchangia hata tofali moja. Mke akatoka na cherehani yake na masufuria. Siku hiyo Fundi alipongezwa kijiweni kama aliyefunga bao. Tangu hapo kaka mtu kila akiulizwa habari ya kurudisha nyumba, simu yake hukatika.

— Damu nzito kuliko maji, alisema Dokta kwa upole. Atakurudishia tu.

— Ndiyo maana inaganda, alijibu Bibi Birika, akimimina.

— Tulieni, alisema Wakili. Hapa kuna sheria. Wahenga wamesema mchuma janga hula na wa kwao. Maana yake nini? Janga ni la familia. Kaka yako analazimika kukugawia.

— Wahenga hawakumaanisha hivyo, wewe.

— Ulikuwepo wakisema?

Fundi hakucheka. Zamani angecheka. Alikuwa akiwaza jambo lililomsumbua usiku kucha, akaona alitoe.

— Mimi nimefikiri hivi. Twende mahakamani sote watatu, tuseme ukweli. Tuseme karatasi ile ya uongo. Nyumba itarudi, itagawiwa. Mama watoto nusu yake, mimi nusu yangu.

Dokta akaanza kupanga vipakiti vyake vya dawa, vikubwa mbele, vidogo nyuma, kazi ambayo hakuwa ameifanya tangu aijue biashara hiyo.

— Fundi, ndugu yangu, alisema Wakili. Kumdanganya hakimu ni jela. Sahihi yangu ipo pale. Saa za watu nitamwachia nani?

— Na mimi nina wajukuu, alisema Dokta.

— Panya watafurahi, alisema Bibi Birika.

— Bibi, hili si jambo la utani!

— Sijatania.

Fundi akawatazama. Hawa ndio waliompigia makofi. Hakuwalaumu sana, maana masikio yaliyowasikiliza yalikuwa yake mwenyewe.

— Ngoja, alisema Dokta, akipata nguvu mpya. Mrudie mkeo! Ukimrudia, talaka imekufa. Talaka ikifa, kesi imekufa. Kesi ikifa, karatasi inabaki kaburini.

— Anirudie alale wapi? Juu ya kochi la mteja?

— Mwanzo mgumu.

— Hapana, hapana, alidakia Wakili. Mimi nina kubwa zaidi. Wewe na kaka yako mmekuwa mkimiliki nyumba pamoja kisirisiri, sivyo? Wawili wenye mali ya pamoja wakikosana wanafanyaje? Wanaachana! Basi mpe talaka kaka yako, mahakama igawe.

— Nimpe talaka kaka yangu wa tumbo moja.

— Talaka tatu kwa mpigo. Haba na haba hujaza kibaba.

Hapo hata Bibi Birika aligeuka upande akaficha mdomo. Lakini Wakili akiwasha injini haizimi.

— Tena sikilizeni! Karatasi niliiandika mimi, naikumbuka. Imesema kiwanja. Neno nyumba halimo! Kaka kauziwa udongo, naye kauza udongo. Matofali ni ya Fundi. Tunakodi toroli, tunabomoa, tunahama na nyumba yetu. Mwenda pole hajikwai.

— Tutaipeleka wapi?

— Hayo ni ya mbele.

— Hayabomoki yale, ilisema sauti nyingine.

Wakageuka. Alikuwa mwanamume asiyemjua hata mmoja wao, suruali imejaa vumbi la saruji, nyundo mkono mmoja na tindo mkono mwingine. Akaomba kahawa, akakaa kwenye ukingo wa benchi, akajieleza. Yeye ni mwashi. Mnunuzi wa nyumba ile yenye geti la kijani kona ya pili amempa kazi ya kuvunja ukuta wa chumbani ili sebule ipanuke.

Geti la kijani Fundi alilipaka mwenyewe. Akashusha macho.

— Tangu alfajiri nagonga, alisema mwashi. Tazameni tindo langu lilivyokuwa butu. Nyumba za siku hizi unagusa tu, tofali linakuwa mchanga. Lile linarudisha nyundo! Mchanganyiko ni wa kawaida, nimeutazama. Siri ni maji. Yale matofali yalimwagiliwa ipasavyo. Enyi wazee, nyie ni wa hapa. Nani aliyemwagilia? Namtaka kwenye kazi zangu.

Wakili, mwenye jibu la kila kitu, alimtazama Dokta. Dokta akamtazama Fundi.

Fundi alimjua aliyemwagilia. Wakati ule waliishi chumba cha kupanga, na matofali yalifyatuliwa kiwanjani, yakafunikwa kwa magunia yaliyopasuliwa. Yeye alikuwa na makochi ya watu, alirudi amechoka, akalala. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Aliamka kabla ya jua, akachota maji bombani, akalowesha tofali moja moja, kisha akarudi kushona vitambaa vya makochi. Jioni tena. Alifanya hivyo wiki mbili nzima, na jirani alipomwambia siku tatu zinatosha, alimjibu kwamba mwanawe hatalala chini ya ukuta wenye kiu. Mahakamani hakimu alipouliza alichangia nini, na Fundi alipojibu alivyojibu, mkewe hakubisha. Alitazama mikono yake tu. Fundi alidhani ameshindwa hoja. Sasa aliona aibu, akaweka kikombe chini.

— Ni mke wangu, alisema.

— Mkeo! Mwashi akafurahi. Hongera yake, mwanamke hodari. Kumbe basi nyumba ile ilikuwa yenu?

Lilikuwa swali dogo, la kuamkiana tu. Wakili akatoa kioo chake jichoni, akakifuta tena. Dokta akatazama vipakiti vyake. Fundi alitaka kusema ndiyo, lakini alikwisha kuapa hapana, mkono juu, mbele ya watu. Alitaka kusema hapana, na ulimi ukakataa kusema uongo ule kwa mara ya pili.

— Mjomba, kunywa kahawa yako inapoa, alisema Bibi Birika, bila ukali.

Mwashi akawatazama watu wazima watatu walivyoshindwa na jambo ambalo hata mtoto hulijibu. Akanywa, akashukuru, akachukua vyombo vyake akarudi kazini.

Punde wakaanza kuisikia nyundo kutoka kona ya pili. Wakili alijaribu kuaga, akakaa. Fundi aliinamisha kichwa, na kila pigo likija alisema kimoyomoyo, nisamehe, mama watoto, nisamehe. Jua likapanda mpaka utosini, na ukuta bado ulikuwa haujaanguka.