Skrini Isiyogawanyika

Ndani ya treni ya asubuhi, kwenye kiti kilichonielekea, fundi wa kuchomelea, ovaroli lake limetobolewa na cheche, alichungulia simu ya dada aliyevaa koti jeupe la duka la dawa. Dada alikuwa akitazama video ya gemu ya vita. "Sehemu ya pili hiyo?" fundi akauliza. "Mgema kasifiwa, tembo kalitia maji."

"Kwenye hadithi, ile unayocheza peke yako, sawa," dada akajibu. "Unalipua daraja, unaokoa kamanda, imekwisha kabla chai haijapoa. Lakini vita vya mtandaoni, kaka yangu, havina kifani. Ramani zile!" Nadhani hata dawa ya kikohozi huielezea kwa sauti hiyohiyo.

"Huko mtandaoni ndiko walikoniharibia. Ile ya kwanza skrini iligawanyika, mimi na mdogo wangu kochi moja. Hii kila mtu na mashine yake. Nikamnunulia yake, nikajiona kaka mwema."

"Si afadhali? Zamani mwenzio anachungulia upande wako, anajua ulipojificha."

"Alikuwa anachungulia, ndiyo. Namkanyaga mguu, anacheka, anachungulia tena." Fundi akalitazama buti lake. "Juzi mtu kaniua kwa nyuma mle mchezoni, nikadhani ni mdogo wangu, nikagonga ukuta nikimtukana kwa furaha. Akanijibu kutoka chumbani kwake kwamba gemu hiyo aliiacha zamani."

Dada alifungua mdomo, nadhani kutetea ramani, lakini treni ilisimama. Wote wawili walishuka, kila mtu kwa mlango wake.